Chumba cha Kukaa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Alfajiri yalianguka manyunyu membamba, yale yasiyomlowesha mtu upesi lakini yanaharibu kazi ya rangi, na jua lilipopaswa kuwa limeshatoka mbingu zilikuwa bado za kijivu, hazijaamua kunyesha wala kuacha.

Mzee Pimamaji alisimama uani kwake, brashi mkononi, akiutazama mlango alioupaka rangi ya kijani jana yake. Akaugusa kwa kidole cha mwisho. Kidole kikatoka kijani.

"Bwana, wewe unajua kwamba anafika leo," alisema kwa sauti, uso ameuinua juu. "Naomba jua kidogo tu. Sina tamaa kubwa."

Jina la Pimamaji alipewa na majirani baada ya kustaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo katika karakana ya mabasi, na siku aliyoaga walimpa zawadi ya kisanduku cha vifaa. Ndani yake mlikuwa na pima maji, ile rula nene yenye kipovu kinachochezacheza ndani ya kichupa. Tangu siku hiyo hakuna meza ya jirani iliyosalimika. Ukimkaribisha chai, kabla hajaonja anaweka pima maji pembeni ya kikombe, anainama, anafumba jicho moja, kisha anakuambia mguu upi wa meza uuwekee kipande cha kadibodi. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu akifa, mzikeni na pima maji lake, la sivyo ataamka kulalamika kwamba kaburi limeinama." Watu walicheka sana. Lakini aliyetangulia kuzikwa ni mke, na mzee alibaki na nyumba ambayo sakafu zake zote zilikuwa sawasawa na hamna mtu wa kuzikanyaga isipokuwa yeye.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda, mji wa mbali. Mwezi uliopita alipiga simu. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma, na maneno yalikuja vipande vipande.

"Baba, unanisikia? Mwezi ujao, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, nakuja kukaa na wewe."

"Unakuja?"

"Nakuja kukaa, Baba. Haya, naitwa. Baki salama."

Simu ikakatika. Mzee alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, simu bado iko sikioni. Anakuja kukaa. Alilirudia neno lile mpaka likawa tamu mdomoni. Hakumpigia tena kumuuliza atakaa mpaka lini. Tangu lini mtu akamuuliza mgeni siku ya kuondoka, tena mgeni mwenyewe ni damu yako? Hivyo ndivyo alivyojiambia. Vyumba vitupu vilikuwamo ndani, lakini alimtakia chumba kipya, chenye mlango wake mwenyewe. Asubuhi iliyofuata akafungua gereji.

Gari lilikuwa limeuzwa zamani, mwaka wa ugonjwa wa mkewe, na gereji likageuka makazi ya vitu visivyo na kwao: matairi yaliyoisha meno, makopo ya rangi iliyokauka, kitanda kilichovunjika mguu, baiskeli isiyo na mnyororo. Alivitoa vyote. Akalikuta doa la mafuta katikati ya sakafu, jeusi, limekula saruji. Alilisugua kwa mchanga na sabuni mpaka magoti yakamkataa, lakini doa halikubanduka.

Sakafu yenyewe ilikuwa imeteremka kuelekea uani, ili maji ya kuoshea gari yatoke yenyewe. Gari haliulizi limelala vipi, lakini mtu akilala hapo kichwa kitakuwa chini na miguu juu. Basi alikoroga zege kwa koleo, toroli baada ya toroli, akaimwaga na kuisawazisha kwa ubao mrefu, na doa la mafuta likafunikwa humo humo. Kisha aling'oa lile lango kubwa la bati, akajenga matofali mahali pake, akaacha nafasi ya mlango wa mtu. Upande wa ua akatoboa dirisha. Alitaka binti akiamka aone kitu cha kijani, kwa hiyo akapanda majani. Halafu akawaza mvua na tope, akapanga mawe bapa kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa gereji.

Kazi yote aliifanya peke yake. Si kwamba watu hawakuwepo. Jirani yake Dereva, ambaye aliwahi kuendesha mabasi yale yale ambayo mzee aliyatunzia vipuri, alijitolea tangu siku ya kwanza.

"Niachie," mzee alimjibu. "Chumba cha mwanangu kitajengwa na mikono ya babake."

Tabu ni kwamba kuna kazi zinazomshinda mtu mmoja. Ubao una ncha mbili na yeye yuko upande mmoja tu. Ukipigilia huku, kule kunashuka. Ndipo alipoanza kusema, "Mungu wangu, nishikie upande huo," halafu anakimbia na nyundo kabla ubao haujaanguka. Mara nyingi ulianguka. Aliuokota, akaomba tena, bila kinyongo.

Siku moja Dereva alichungulia juu ya ua. "Pimamaji! Unaongea na nani humo?"

"Na msaidizi wangu."

"Mbona simwoni?"

"Ndiyo maana hafanyi kazi na wewe."

"Haya, mwambie akimaliza hapo apitie kwangu. Bati langu linavuja."

Mzee alicheka, na kicheko kikagonga kuta za matofali mabichi kikamrudia. Akaacha kucheka.

Mapazia alikwenda kuyashonesha kwa jirani wa pili, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Mama Mapazia alikuwa na macho ya kukata kitambaa bila chaki, na maneno yake yalikata vivyo hivyo.

"Binti anahama na vitu vyake vyote, kaka?"

"Vyote."

"Amekuambia hivyo?"

"Amesema anakuja kukaa."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Kukaa kuko kwa namna nyingi."

"Kwangu kuko kwa namna moja, dada. Wewe kata."

Mama Mapazia akakata. Jumapili yake, kwenye sala, mzee alisimama mbele ya watu akatoa shukrani. Alisema nyumba yake imekuwa kimya hata saa ya ukutani anaiona kama mgeni mwenye kelele, lakini Mungu amemkumbuka, mwanawe anarudi. Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo, kumpigia binti kumuuliza vizuri kukawa kugumu zaidi.

Sasa Jumamosi hii jua alilomwomba lilikuja, lakini lilikuja mchana, likachelewa kuukausha mlango. Dereva na Mama Mapazia walikuwa wameshaalikwa kumpokea mgeni. Dereva alivaa koti lake la kusafiria. Walikaa kwenye viti vya jikoni vilivyotolewa uani, na kila gari lililopita njiani mzee alisimama.

Teksi ikasimama getini. Binti akashuka na begi la mkononi, moja.

"Shikamoo, Baba!"

"Marahaba, mama. Marahaba!" Alimkumbatia, lakini macho yake yalikuwa yameshampita, yanatafuta njiani. "Lori liko nyuma?"

"Lori gani?"

"Hapana, hapana kitu. Karibu. Karibu nyumbani."

Binti akawaamkia majirani, akaulizwa habari za safari, akasema nzuri, akaulizwa habari za kazi, akasema wanashukuru. Ndipo mzee alipomshika mkono. "Njoo. Njoo uone kwanza, chai baadaye."

Alimtanguliza kwenye njia ya mawe. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho kwa wiki zote zile hakukiona. Mawe alikuwa ameyapanga kwa kumbukumbu, kila moja hatua moja ya binti yake, lakini hatua aliyoikumbuka ilikuwa ya msichana mwenye sare ya shule. Mwanamke huyu alikanyaga jiwe, akaruka moja, akakanyaga, akaruka moja. Hakutambua hata kidogo. Alikuwa anatembea tu.

Kwenye mlango alisukuma kwa kiganja. "Eh, Baba, rangi mbichi!" Akacheka, akanyoosha mkono wa kijani mbali na gauni lake, akaingia.

Chumba kilikuwa na kitanda kilichopata mguu mpya, meza, rafu ya vitabu na mapazia ya maua madogo. Sakafu ilikuwa inang'aa. Kwa dirisha yalionekana majani machanga na kipande cha ukuta. Binti alizunguka, akagusa rafu, akaangalia dari.

"Hili si gereji hili? Umefanya mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Baba, ni pazuri! Umepata mpangaji?"

Mlangoni, Dereva alikohoa. Mama Mapazia aliangalia mapazia yake kana kwamba ameona uzi umechomoza.

"Mpangaji wa nini," mzee alisema. "Ni chako. Si ulisema unakuja kukaa?"

"Ndiyo, nimekuja. Nimekuja kukaa na wewe. Nimepewa ruhusa mpaka Jumanne." Alipofika neno Jumanne sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua, kwa maana alikuwa ameuona uso wa babake. Akatazama kitanda, rafu, na dirisha ambalo zamani lilikuwa ukuta mtupu. "Baba. Nilisema kukaa. Tukae, tuzungumze. Tangu tumzike Mama hatujakaa, tunasalimiana tu kwenye simu kama watu wa ofisini."

"Nimesikia."

"Kwa nini hukuniuliza nakaa siku ngapi?"

Mzee aliufuta mkono wake kwenye suruali ingawa haukuwa na kitu. "Ningekuuliza, ungenijibu."

Dereva, ambaye hakuweza kuvumilia kimya kirefu hata akiwa usukani, alijaribu. "Hata kwenye basi, binti, kuna kukaa na kukaa. Kuna abiria anakaa mpaka mwisho wa safari, kuna mwingine hata kiti hakijapata joto, anashuka."

"Kaka," Mama Mapazia alimwambia, taratibu, "nyamaza."

Binti aliketi kitandani. Alikiweka kiganja chake chenye rangi juu ya goti, kikiwa wazi, kama mtu anayengoja kupewa kitu, na machozi yakamtoka bila sauti. Mzee angependa kwenda kuketi karibu naye, lakini alibaki amesimama palepale. Alifikiria wale watu waliopiga makofi kwenye sala. Alifikiria jioni ya Jumanne, saa ya ukutani, na chumba kingine tena cha kupita bila kuingia. Hapo mwanzo alikuwa na vyumba vitatu vitupu. Sasa, kwa jasho lake mwenyewe, amejijengea cha nne.

"Nitaomba uhamisho," binti alisema ghafla.

"Unasemaje?"

"Nitaomba uhamisho, Baba. Kuna kiwanda kidogo huku, watanipokea, hata kama si maabara. Nitahama." Akasimama, akajifuta shavu kwa mkono wenye rangi, na mstari wa kijani ukabaki pale. Akawaonyesha majirani mlangoni. "Tena nasema mbele ya mashahidi, baba mdogo yupo na shangazi yupo. Naahidi kwamba kabla ya..."

Hayo ndiyo maneno ambayo mzee aliyaomba kila asubuhi akiwa amepiga magoti juu ya saruji, kabla hajashika mwiko. Yalikuwa yamekuja yote, yamebakiza kidogo tu kukamilika, na angesimama tu kimya yangekuwa yake. Lakini alimtazama binti usoni. Ulikuwa uso ule ule wa siku zile za ugonjwa wa mkewe, alipokuwa akisukuma sahani yake na kusema ameshiba ili mama yake ale.

Moyo wa mzee ulimwambia nyamaza, mwache amalize. Naye akasema kimoyomoyo, Mungu wangu, nisaidie kukataa. Hakuwahi kuomba ombi zito namna hiyo.

Aliinua mkono.

"Usiahidi, mama."

"Baba, niache nimalize."

"Ukimaliza nitakushika kwa neno lako, na mimi ninajijua. Nitakushika mpaka nikuumize. Wewe keti." Kisha akawageukia majirani wake wawili, mmoja mwenye koti la kusafiria, mwingine mwenye sindano bado imechomekwa kolani. "Nyinyi mlikuja kushuhudia mwanangu akirudi. Basi shuhudieni hili badala yake, na Jumapili mkinisikia nakwepa, nikumbusheni mbele za watu."

"Tunakusikia, kaka," alisema Mama Mapazia.

"Naahidi kwamba chumba hiki sitakifunga kumngojea binti yangu. Kabla mwezi haujaisha nitatafuta mtu asiye na pa kuishi, akae humu. Kukaa kwa kukaa, na virago vyake. Na huyu mwanangu akija, hata akija kwa siku moja, hata kwa kikombe kimoja cha chai, nitamuuliza anaondoka lini, na akinijibu, sitanuna. Naahidi, mbele yenu na mbele ya Mungu."