Kidole cha Benki

Vidole vyote kumi vilikataa. Mpika sabuni alivibandika kimoja kimoja kwenye kimashine cha benki, akavifuta kwenye gauni, akavibandika tena. Taa ikawaka nyekundu tu. Jamani! Miaka kumi na minne ya kukoroga kostiki ili wanawe wale, na ile dawa kali imelamba alama zote, ncha za vidole zikabaki laini kama kigae.

"Mama, mfumo haukusomi," karani alisema kwa upole. "Labda tufungue akaunti kwa jina la ndugu."

"Si mimi hapa!" akadakia shemeji yake, aliyejitia kumsindikiza. Kidole chake kilishatangulia mbele.

Mama wa watu akakitazama kidole hicho. Hospitali moja ilitaka sabuni zake kila mwezi, ila inalipa kwa akaunti tu. Na huyu shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyempokelea malipo ya mteja mwingine mwaka juzi. Hela ziliingia kwake zikaota mbawa. Alipouliza, akaambiwa ana roho mbaya.

"Hapana," alisema. "Nitarudi na vidole vyangu."

"Vipi tena, shemeji? Si umeshavipika!" Akacheka peke yake.

Hospitali ilimpa mwezi mmoja awe na akaunti. Akazima jiko. Mwezi mzima hakukoroga. Alipaka mafuta asubuhi na jioni, na wanawe wakanywa uji mtupu bila kuuliza. Hilo la kutouliza ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya ishirini na tisa, kule benki, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kisichoshika mwiko, kikasoma. Hicho tu.

"Hongera, mama!" karani alisema. "Ila kila ukija kutoa hela, utaweka hicho hicho."

Alielewa. Kesho yake jiko likawaka. Glavu nzima ilikuwa bei ya chakula cha wiki, basi kabla ya kufungua kopo la kostiki alikizungushia kile kidole plastiki, juu yake kitambaa, akakaza kwa uzi. Tisa vikaingia kazini, vikawashwa kama zamani.

Shemeji akasimama mlangoni. "Pole. Umeumia kidole?"

"Sijaumia," alisema, mwiko ukizunguka. "Hiki ndicho mimi. Hivi vingine ni vya kazi."