Neno Moja Katika Mswada

Kwa miaka sita Wendell Stroud, msaidizi wa gavana, hakuwahi kumshikia mbunge wa jimbo Delphine Hargrove mlango. Asubuhi ile alimshikia miwili.

"Karibu, Mheshimiwa. Mama Odessa hajambo?"

Delphine alijibu kwamba hajambo. Lini mtu wa gavana alijua jina la mama yake?

Serikali kuu ya Washington ilikuwa imeliletea jimbo fedha za kuinua uchumi baada ya janga la maradhi. Gavana alitaka kuzitumia kujenga gereza, na mswada wake ulikuwa unapigiwa kura siku hiyo. Upinzani ulitaka maji safi kwa miji kama Pruitt Ferry, alikozaliwa Delphine, ambako maji ya bomba yalikuwa na rangi ya chai. Delphine alikuwa wa chama cha gavana, na bila kura yake pande mbili zilikuwa sare.

"Piga kura nasi, bomba jipya lako," Wendell alimnong'oneza. "Mafundi walifika huko jana."

Kabla hajakaa, simu iliita. Mama yake alicheka kama msichana.

"Wamechomeka vigingi mtaa mzima, mwanangu! Bibi Coyle wa jirani analia kwa furaha."

Furaha ile ilimtia baridi. Sadaka ikizidi, hata maskini huingiwa na shaka. Akaufungua mswada, akausoma neno kwa neno, hadi ukurasa wa arobaini: maji ya Pruitt Ferry yangeshughulikiwa "iwapo fedha zitabaki."

Alimfuata Wendell kwenye korido.

"Hili 'iwapo' limetoka wapi?"

"Lugha ya mawakili tu, dada. Usijisumbue."

"Basi lifute."

Wendell alitazama saa. "Kura ni saa nane. Huniamini?"

"Nilikuamini hadi uliponishikia mlango."

Kicheko cha Wendell hakikufika machoni. "Wewe ni mwenzetu, Delphine. Mwenzetu akituangusha, mji wake hatuujui tena."

Saa nane Delphine alibonyeza kitufe chekundu cha kukataa. Mswada ukaanguka kwa kura moja. Wenzake wa chama wakakusanya karatasi zao bila kumtazama.

Saa kumi mama yake alipiga tena. Safari hii hakucheka.

"Wamekuja na gari, wanang'oa vigingi. Wanasema ni amri yako. Kweli?"

"Si amri yangu, mama. Lakini kura ni yangu."

Nyuma ya mama zilisikika sauti za majirani, nyingi, zikigongana.

"Ngoja nikuweke kwenye spika," mama alisema. "Wako hapa wote. Waambie mwenyewe."

Delphine akasikia viti vikisogezwa karibu.