Kumwachisha Chiriku

Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, kwa kuwa tangu mumewe afariki alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mashuka ya nyumba ya wageni, mashati ya makarani, sare za wauguzi, vyote vilipita mikononi mwake. Na chini ya meza ya kupigia pasi, juu ya marobota yaliyosubiri zamu yake, ndipo alipokulia mjukuu wake, aliyepewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akila anasema, akioga anasema, hata usingizini alikuwa na neno la kuongeza.

Mama yake Chiriku, binti wa Mama Dobi, alikuwa nchi ya theluji. Aliondoka mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, akaenda kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, akaahidi kwamba mambo yakikaa sawa atamfuata mwanawe. Mambo yalichelewa kukaa sawa. Mtoto akaota meno, akajifunza kusema, akaanza shule, na lile neno "mama" akampa aliyekuwa karibu. Mwanzoni Mama Dobi alimkanya kwamba yeye ni bibi, mama ni yule wa kwenye simu. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mama. Chakula kimeiva?" Mama Dobi akacheka, na tangu hapo akaliacha lilivyo. Moyoni lilimpendeza, aseme nini.

Basi siku ikaja binti akapiga simu, viza ya mtoto imetoka. Shule zikifungwa atakuja kumchukua. Alifurahi, kisha katikati ya furaha akaangua kilio. Aliogopa kwamba mtoto atamkataa, kwamba watafika uwanja wa ndege mtoto amlilie bibi mbele za watu, na huko waendako amlilie mpaka augue. Mama Dobi alimtuliza, lakini maneno yale yalimkaa. Aliikumbuka ile safari ya kwanza, binti yake alipoondoka: mtoto alichemka homa, akasusa uji, na kila gari liliposimama nje alitambaa kwenda kushika mlango. Safari ile alikuwa na mgongo wa kumbeba. Huko kwenye theluji, nani angembeba?

Hata hivyo matayarisho yakaanza. Bibi na mjukuu walikwenda kwenye mitumba kutafuta koti, na muuzaji, jasho likimtiririka, aliwachekesha kwamba makoti yale huwauzia watu wa aina mbili tu, wasafiri na walinzi wa usiku, na huyu mdogo hafanani na mlinzi. Chiriku alilivaa koti lake papo hapo, akatembea nalo juani mpaka nyumbani, akakaa nalo kando ya pasi ya mkaa, uso umelowa, asikubali kulivua. Alikwenda pia dukani kwa mwenye friji la soda, akaomba autie mkono ndani mpaka ufe ganzi, apate kujua. Akarudi mbio na ripoti yake.

"Mama, baridi inauma kama moto. Tukifika huko tutakuwa tunakaa karibu na pasi yako."

Mama Dobi akaisimamisha pasi. "Tukifika nani?"

"Mimi na wewe."

Kumbe siku zote hizo mtoto alikuwa akijiandaa kwa safari ya watu wawili. Mama Dobi alimkalisha, akamweleza kwa upole kwamba anayekwenda ni yeye na mama yake, bibi anabaki. Chiriku alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza hesabu isiyomhusu. Kesho yake akauliza bibi atavaa koti gani.

Hapo ndipo Mama Dobi alipopiga moyo konde. Alimwambia rafiki yake, muuza mkaa wa jirani, kwamba ameamua kumwachisha mtoto mapema, kama anavyoachishwa ziwa, amzoee mama yake, kuliko akang'olewe ghafla huko ugenini.

"Ziwa halikatwi kwa kubembeleza," alisema. "Hupakwa shubiri."

Muuza mkaa alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakucheka. "Shubiri hupakwa kwenye ziwa, mwenzangu. Wewe unataka kujipaka mwili mzima."

Mama Dobi hakusikia la mtu. Aliliondoa godoro la mtoto chumbani mwake, akalihamishia chumba cha pili. Akamwambia amekuwa mkubwa, aoge mwenyewe. Mtoto alipoanza hadithi zake, alimjibu kwamba hizo amwekee mama yake. Kila alipofanya hivyo alijikaza kisabuni, na mtoto akishatoka humwagia maji nguo zisizohitaji maji, mradi mikono iwe na kazi.

Binti akafika na sanduku kubwa na moyo mwepesi. Chiriku alimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni wa heshima, kisha akarudi nyuma ya gauni la bibi yake. Binti akavumilia. Alimsuka nywele, alimnunulia viatu vya kuzuia maji, alimfundisha kuvaa glavu, na mtoto alivikubali vyote bila kumsogelea.

Alasiri moja Chiriku aliteleza penye karo la kufulia, akachanika goti. Mama yake alikuwa palepale uani, akafungua mikono. Mtoto akampita mbio, akaingia chumba cha pasi akilia.

"Mama, damu."

Mama Dobi aliinua macho, akamwona binti yake mlangoni, mikono bado wazi, haina kitu.

"Nenda kwa mama yako," alisema. "Mimi si mama yako. Nikwambie mara ngapi?"

Hakukusudia sauti itoke ngumu vile. Chiriku alinyamaza mara moja, kama bomba lililofungwa. Akageuka, akaenda kwa mama yake, akamwachia goti alioshe. Mama Dobi alimaliza shati lililokuwa mezani, akalikunja, na baadaye hakuweza kukumbuka lilikuwa la nani.

Kuanzia hapo kazi ikawa rahisi, rahisi kuliko alivyotaka. Mtoto alilala na mama yake, alikula kwa mama yake. Gumzo likakatika. Siku ya safari teksi ilisimama nje, Chiriku akawaaga majirani mmoja mmoja, na alipofika kwa Mama Dobi akampa mkono. "Kwaheri, Bibi." Mama Dobi alimtengeneza ukosi wa gauni, akamwambia aende salama. Aliyelia alikuwa binti. Gari lilipokata kona, mtoto hakugeuka.

Simu za mwanzo zilikuwa za shukrani. Mtoto halii, anakula, anatii. Mama Dobi alijibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Baadaye sauti ya binti ilibadilika. Mwalimu alikuwa amemwita kumuuliza kama mtoto huyu huwa anazungumza nyumbani.

"Nimembembeleza mpaka akaniambia, Bibi alimchoka. Mama, ilikuwaje?"

Mama Dobi akaketi juu ya robota la mashuka, akamwambia yote.

"Bora angelia, mama," binti akasema. "Anayelia ningejua la kumfanya."

Mama Dobi akaomba apewe mtoto. Akasikia pumzi karibu na simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikuambia nimekuchoka?"

"Wewe."

Neno lile halikuwa na hasira ndani yake, na ndiyo maana lilimkata. Mama Dobi alisema kwamba alikosea, kwamba hajamchoka hata siku moja, kwamba alidhani akimfukuza mapema hatalia njiani. Binti akarudi kwenye simu, akasema mtoto ameingia chumbani na kufunga mlango.

Wiki iliyofuata Mama Dobi alipiga tena, na ile nyingine tena. Mara nyingi alipewa salamu tu. Muuza mkaa alikuwa akija kukaa naye nyakati hizo, bila mizaha, akichochea mkaa wa pasi usiohitaji kuchochewa.

Ikatokea Jumapili moja, baada ya salamu, mtoto hakuondoka. Alisema jino lake limeng'oka shuleni, akalimeza pamoja na mkate, na sasa hajui kama litaota tumboni. Mama Dobi alimwambia meno ya tumboni hayaoti, yeye ameyameza mengi. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza, "Mangapi, Bibi?"

Mama Dobi akaanza kuyahesabu kwa sauti, polepole, apate kuongeza muda.