Mwingereza wa Muleba

Jumamosi saa moja asubuhi, ndani ya treni ya chini ya ardhi, Agripina alisimama akikariri kutoka kwenye karatasi habari za kijiji chake. Kipo pwani ya Uingereza, juu ya majabali meupe. Ufukweni hakuna mchanga, ni kokoto tupu. Watu walivua, wakajenga kanisa. Bahari ikawa inakula jabali kidogo kidogo, mpaka mtaa mzima wa wavuvi ukaangukia majini, na kanisa likafuata na makaburi yake.

Karatasi hiyo aliandikiwa na laoban, yule mama bosi mwenye kituo cha Kiingereza. Wazazi wa hapa Guangzhou, China, wanalipia Mwingereza, si Mtanzania mwenye viza ya kusoma. Viza hiyo hairuhusu kazi, alijua. Laoban alimwambia ni kuongea tu, haina shida. Wengi huambiwa hivyo. Na kodi ya chumba ilikuwa imepanda, skolashipu iko palepale.

"Mwingereza wa Muleba," Caro, anayeishi naye, alikuwa amemtania mlangoni. "Leo usije ukasema Bukoba ni jirani na London, shoga."

Ilikuwa siku ya wazazi kuangalia darasa. Agripina akaeleza majabali, kanisa, dhoruba, kwa sauti moja, kama mtu anayesoma mita ya umeme. Kisha binti mdogo akauliza, samaki wakizidi mnawafanyaje? Hilo kwenye karatasi halikuwepo; la kwao Muleba, ziwani, alilijua.

"Tunawaanika juu ya mawe," akasema. "Jua likiwaka, kwa siku moja wamekauka. Kina mama wanawageuza, watoto wanafukuza kunguru."

Watoto wakacheka, wakapunga mikono kufukuza kunguru. Baba mmoja hakucheka. Alikuwa amesoma Uingereza miaka minne, akasema, na jua hilo hakuliona. Akatoka nje na simu yake.

Maofisa wa polisi walifika kabla kipindi hakijaisha. Laoban akawaambia na yeye amedanganywa, huyu dada alijileta mwenyewe akisema ni Mwingereza. Karatasi aliyoiandika alishaitia mkobani mwake.

Kituoni askari akamweleza bila ukali: faini, kisha ndani ya siku kumi aondoke nchini. Alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize masomo.

"Andika mtu wa kwenu," akamwambia, "tumjulishe."

Agripina akachukua kalamu. Akaandika: hakuna.

Muleba ilikuwa bado saa nne asubuhi. Mama yake alikuwa gengeni anapanga nyanya, simu mfukoni, imejaa chaji.