Mkono Juu ya Ngoma

Sitaki kusikia tena habari za Ulaya. Mtu akiwasha redio karibu na jiko langu, na redio ikaanza kusema kwamba mawaziri wa ulinzi wamekutana, naizima, na mwenye redio akinuna, anune. Jina langu ni Victorine, mama wa Dieudonnée, mkulima wa Kibundila, kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Wamaza. Nina hasira na sioni kwa nini niifiche.

Njia yetu ina vijiji vinne. Kuna Kibundila chetu, halafu Mitale, halafu Kwa-Sefu, na mwisho Lubelenge, ng'ambo ya kijito, ambako binti yangu Dieudonnée aliolewa. Watu wa bunduki wanaotoka upande wa migodi wanaijua njia hii kuliko serikali inavyoijua. Wanakuja wachache, wanachukua mbuzi, chumvi, simu, wakati mwingine msichana, kisha wanarudi porini. Tangu enzi za babu zetu kila kijiji kina ngoma ya mti, gogo lililochongwa ndani, lisilo na ngozi, na sauti yake inavuka vilima. Kijiji kikivamiwa, mpigaji anapiga mbiu, na kila anayesikia anakuja na alichonacho: panga, bunduki ya kuwindia, sufuria na mwiko. Sisi si jeshi. Silaha yetu ni kelele. Mwizi mwenye bunduki akisikia kelele zinatoka pande zote hajui kama ni sufuria au ni batalioni, na hakai kuchunguza. Mwaka juzi walikimbia Mitale hivyo hivyo, wakaacha hata mbuzi waliokwisha kuwafunga kamba.

Na ngoma ina sheria yake. Aliyeianza haiachi. Anapiga mpaka mtu wa kwanza kutoka kijiji kingine afike na kuweka mkono juu ya gogo. Mkono huo maana yake tumekusikia, tumefika, pumzika. Mpigaji akinyamaza kabla ya hapo, walioko njiani watadhani mambo yamekwisha na watageuka. Sheria hiyo hakuna aliyetufundisha darasani, tumekua nayo.

Mpigaji wa Lubelenge alikuwa mkwe wangu, Djafari. Alikuwa Mwislamu wa familia ya Kasongo mjini aliyependa shamba kuliko duka la baba yake. Aliniheshimu mpaka nikawa namcheka: akiniona nakuja na kikapu kichwani, anatoka njiani na kuingia kwenye majani, asikutane na mama mkwe uso kwa uso. Akiwa humo kwenye majani ananisalimia kwa sauti, kisha jioni anamtuma mtu aniletee samaki. Sijawahi kukaa naye mkeka mmoja, lakini nilimpenda kama niliyemzaa.

Balaa lilianza na Marcellin, mwenye duka la sabuni na betri pale Kibundila. Redio yake hailali. Alikuwa amekwenda mafunzo Kindu, akarudi na kofia na picha ya meza ndefu yenye bendera nyingi, na kichwa kimevimba. Wakati huo huo sisi tulikuwa na shida ya kweli, siwezi kukataa: Kwa-Sefu walikuwa wamepiga mbiu kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, na wanaume wa Mitale wakakimbia na mapanga wakidhani ni wavamizi, karibu damu imwagike kwa upuuzi. Watu walikuwa wamechoka kuitwa ovyo. Marcellin akaitisha mkutano mbele ya duka lake.

"Sikilizeni, watu wangu," akasema. "Kule Bulaya, zamani Mufaransa na Mudachi walikuwa wanauana kama nyama. Leo iko na waaskari pamoja, wananunua masasi ya bunduki pamoja. Mutu mumoja akiguswa, wote wameguswa. Lakini hakuna mwenye anatoka mbio mbio kama kuku. Wanaikala kwanza, wanasema, wote wanakubali, njo wanatoka. Ile njo organizasio."

"Na kama mumoja anakatala?" nikauliza kutoka nyuma.

"Wanaendelea kusema mpaka akubali."

"Na ule mwenye wanamupiga, anafanya nini saa ile?"

Watu wakacheka. Marcellin hakucheka. Akaniambia, "Mama Dieudonnée, mambo ya défense haiko kama kupika sombe."

Basi wakaunda komite. Kila kijiji kikatoa mjumbe: Michel mume wangu kwa Kibundila, Assumani kwa Mitale, Zakaria kwa Kwa-Sefu, na Djafari kwa Lubelenge. Marcellin akawa prezida juu yao, na duka lake likaitwa makao makuu. Wakapitisha kwamba mbiu ikilia, wajumbe wakutane kwanza makao makuu, na hakuna kijiji kinachotoka mpaka wote wanne wakubali. Djafari alisimama mwisho, mpole kama kawaida yake, akakwepa kunitazama.

"Muikale, museme," akasema. "Miye sina kinyongo. Lakini ngoma yangu haijue mukutano. Nitapiga mupaka mutu aweke mukono."

Wakampigia makofi. Hakuna aliyetafakari alichokisema, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Waligeuza sheria ya wanaokuja, wakaiacha kama ilivyo sheria ya anayeita.

Sina ugomvi na Wazungu kwa kukaa kwao mezani. Wao wakingojana wiki nzima, wana ndege, wana kuta za zege, wana watu wa kulipwa wanaolala na buti miguuni. Wana muda wa kungoja kwa sababu wamejenga cha kuwalinda wakati wanangoja. Sisi tuna nini? Sisi tuna miguu ya jirani. Ukiizuia miguu ya jirani, umetuacha uchi barabarani, hata kama una kofia na picha ya bendera.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, wakati wa karanga. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na wanaume hawakuwa wamekwenda shamba. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, niliposikia ngoma ya Lubelenge. Naujua mkono wa Djafari, anapiga mzito kisha anakimbiza. Niliacha mchi ndani ya kinu, nikamwita Michel. Alikuwa tayari ameshika panga, na moyo wangu ukatulia. Kisha nikaona haendi kwenye njia, anaelekea dukani.

Nilimfuata. Wanaume wa Kibundila wote walikuwa wamesimama mbele ya duka, na silaha zao, wanatazama chini. Baada ya muda wakafika wa Mitale wakiongozwa na Assumani, wanahema. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Mitale iko kati yetu na Lubelenge. Watu hao walikuwa karibu na ngoma kuliko sisi, na walikuwa wameigeuzia mgongo wakakimbia kuja kwetu, kwa sababu komite ilisema wakutane makao makuu.

"Munangoja nini?" nikapiga kelele.

"Zakaria," akajibu Michel. "Bila yeye hatuna ruhusa."

"Zakaria iko Salamabila! Ameenda kuchimba zahabu tangu mwezi uliopita, kila mutu anajua!"

"Prezida iko anamupigia simu."

Marcellin alikuwa amepanda juu ya kichuguu nyuma ya duka, mahali pekee panaposhika mtandao, mkono mmoja juu, anaizungusha simu hewani. Alishuka, akapanda tena. Ngoma ilikuwa inalia. Assumani alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nimekubali." Michel akasema naye amekubali. Nikawauliza kuhusu kura ya Lubelenge, kama masikio yao hayaisikii inavyopigwa kule ng'ambo. Marcellin akaniambia kutoka juu ya kichuguu nisivuruge utaratibu, kwamba tukiuvunja leo, kesho kila mtu atafanya anavyotaka.

Nilimtazama mume wangu. Michel si mwoga. Mwaka juzi alikuwa wa kwanza kufika Mitale. Alikuwa ameshika panga kwa mikono miwili, lakini miguu haikutoka. Walikuwa wamemfanya mtu mkubwa, mwenye kiti, na kiti kilimshika. Nilimtukana mbele ya watu, tusi ambalo mke hamtukani mumewe. Kisha nikachukua sufuria ya mke wa Marcellin iliyokuwa imeanikwa uani, nikatoka. Wanawake wengine wakanifuata na sufuria zao.

Tulikimbia na tope linatuvuta. Pale Mitale hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Kwa-Sefu walikuwa wamesimama milangoni, wanangoja amri ya mjumbe asiyekuwepo. Tulipowaona hivyo tukapiga sufuria kwa nguvu zaidi, na baadhi ya mama zao wakajiunga. Ngoma ilikuwa bado inalia mbele yetu, lakini mkono ulikuwa umechoka, ule mwendo wa kukimbiza ulikuwa umekwisha, umebaki mzito peke yake. Nilimwita Djafari kwa jina, mimi ambaye kwa heshima sikuwahi kulitamka. Tulikuwa ndani ya kijito, maji magotini, iliponyamaza.

Walikuwa wamekwisha kuondoka tulipofika. Dieudonnée alitoka kwenye mihogo na mtoto mgongoni, mzima, uso mweupe kwa vumbi la ghala alikojificha mwanzo. Hakulia. Alitazama nyuma yangu, njiani.

"Mama, wanaume iko wapi?"

Nilimpangusa lile vumbi usoni.

"Nilimwambia tukimbie," akasema. "Wote walikimbia. Yeye alisema munakuja, akiacha mutageuka. Alisema, Mama yako anajua ngoma yangu."

Djafari alikuwa amelala kifudifudi kando ya gogo, mti mmoja wa kupigia bado mkononi. Walikuwa wamempiga risasi kwa karibu, kwa sababu kelele yake iliwachosha. Wanawake wakaanza kuomboleza. Mimi nilimtoa ule mti vidoleni, nikaufunga ndani ya kitenge changu. Mmoja akaniambia niweke mkono juu ya ngoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilikataa. Siwezi kumwambia maiti tumefika, pumzika.

Alizikwa siku ile ile, kama dini yake inavyotaka. Nilimpikia Michel tangu siku hiyo, na sikumsemesha.

Siku ya hitima vijiji vyote vilikuja Lubelenge. Zakaria naye alikuwa amerudi kutoka Salamabila, miwani ya jua usoni. Baada ya dua na chakula, Marcellin alisimama na kofia yake kifuani, akasema kwamba komite imekutana kwa dharura, na kwamba vijiji vyote, kwa sauti moja, vinalaani vikali kitendo hicho cha kinyama, na vinasimama bega kwa bega na familia. Hilo walikubaliana mara moja. Kwa hilo simu ilishika, mjumbe alipatikana, hakuna aliyepanda kichuguu. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Nilisimama.

"Mama Dieudonnée, ikala," akasema Michel.

Nilipita katikati ya mikeka ya wanaume, jambo ambalo haliruhusiwi, nikaenda hadi kwenye gogo. Nilifungua kitenge na kutoa ule mti.

"Ngoma hii ilianzwa na haijaachishwa," nikawaambia. "Hakuna mutu aliweka mukono. Djafari alikufa, lakini mbiu yake ingali inaita. Miye namusaidia kupiga."

Nikaanza pale alipoishia, mzito, kisha nikakimbiza kama yeye. Sijui kupiga vizuri, mkono wangu ni wa kinu, lakini sauti ilitoka. Dieudonnée akaja kusimama kando yangu na mtoto. Mtu mmoja akasema ni siku ya hitima, si siku ya ngoma, na hakuna aliyemuunga mkono. Wanaume wa vijiji vyote walikuwa wameinama. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Hatimaye Marcellin alitoka kwenye mkeka wake. Alikuja taratibu, kofia mkononi, akaunyoosha mkono wa kulia juu ya gogo.

"Mama, inatosha," akasema. "Tumesikia. Tumefika."

"Prezida," nikamuuliza, bila kuacha kupiga, "wote wane wamekubali?"

Mkono wake ukabaki hewani. Aligeuka akamtazama Michel, akamtazama Assumani, akamtazama Zakaria. Alikuwa bado anatafuta wa nne.

Nikaendelea kupiga.