Picha ya Kiganja

Shangazi alikuwa amechoshwa na danadana. Alimleta binti wa kaka yake hospitalini kwa ajili ya kifua: kikohozi hakiishi, homa haishuki, na kulala analala ameketi. Wodi ya watoto walimtazama urefu, wakasema huyu si mtoto. Wodi ya wakubwa wakasema mkimbizi mkubwa asiye na kibali hatibiwi hapa, ni watoto tu. Sasa jamani, ampeleke wapi, kwa daktari wa mifugo?

Nyumbani wanamwita Mlingoti, na urefu huo kaurithi kwa baba yake. Ana miaka kumi na minne. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempokea alipozaliwa. Nani amsikilize? Daktari wa zamu alipoagiza eksirei, Shangazi akashukuru Mungu, akajua sasa kifua kitatazamwa. Kumbe wapi!

"Weka kiganja hapa," mpiga picha alimwambia Mlingoti.

"Kiganja cha nini? Anaumwa kifua!"

"Tunapima mifupa, mama. Ndiyo itatuambia kama ni mtoto kweli."

Akapiga kiganja, akasema haya, nendeni. Mlingoti alikohoa mpaka akaishika meza asianguke. Damu ikamchemka Shangazi. Mashine ipo, umeme upo, mtu wa kuiwasha yupo, na vyote hivyo ni vya kusaka uongo wa mtoto! Hawana haya hawa! Akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Mwanangu, mpige picha ya kifua," alimwambia mpiga picha. " La sivyo hatoki mtu humu."

"Nitafukuzwa kazi, mama."

"Na huyu atakufa. Haya, chagua."

Mpiga picha akamsimamisha Mlingoti, akapiga. Upande mzima wa kulia ulitokea mweupe.

"Maji yamejaa kifuani," alisema. Shangazi akampisha mlangoni, naye akatoka mbio kumwita daktari.

Daktari alikuja na mlinzi. Picha ya kifua aliitupia jicho tu, akaishika ya kiganja na kuiinua kwenye mwanga.

"Mifupa imekomaa," alisema. "Huyu ni mtu mzima. Watolewe."

"Na hayo maji yana miaka mingapi? Si uyapime nayo!"

Shangazi akavua viatu, akapanda juu ya meza ya eksirei, akamvuta Mlingoti na kumwegemeza kifuani pake.

"Njoo ututoe basi," alimwambia mlinzi.

Mlinzi alimtazama daktari. Daktari bado alikuwa anatazama kiganja, na Mlingoti anakohoa.