Gari Juu ya Mashua

Zilikuwa zama za ruksa, kila mwenye miguu miwili kawa mfanyabiashara, na Bushiri wa Kibiti, muuza mitumba, alikuwa amenunua gari. Dogo, jeupe, limetoka Japani na maandishi ya huko bado yamebandikwa kioo cha nyuma. Alilipenda mpaka akalitandikia kitambaa cha meza juu ya dashibodi.

Ndipo ikaja barua ya binti yake, Hafsa, anayeishi na mama yake Kiongoroni, kule delta ya kaskazini. "Baba, Jumamosi baada ya adhuhuri naolewa. Baba mdogo Nasibu anasema ukichelewa, kama kawaida yako, atasimama badala yako. Mimi nataka uje mwenyewe uniulize kama nimekubali."

Miaka sita Bushiri hajakanyaga Kiongoroni. Aliona aibu, na mtu wa aina yake akiona aibu hutafuta cha kujishaua nacho. Akaamua kwenda na gari.

Sasa, Kiongoroni hakuna barabara. Kuna mikoko, mito na matope, na Bushiri alilijua hilo vizuri maana kazaliwa huko huko. Lakini nani angemwambia? Toka Kibiti mpaka bandari ya Nyamisati aliendesha kiwiko nje, akipungia mkono hadi mbuzi. Pale akamkuta Nahodha Kondo, mwenye mashua pana ya kubebea nguzo za mikoko.

"Tajiri, gari tutalipakia," Kondo akamwambia, "ila tuondoke sasa hivi. Maji yakipwa tutakaa matopeni."

"Ngoja kwanza nilifute vumbi."

Akalifuta nusu saa nzima.

Safari ilikuwa nzuri, uongo dhambi. Mikoko imejipanga kingo zote mbili, mizizi nje, ndege weupe wamejaa matawini. Bushiri alikaa ndani ya gari, mkanda kafunga, akizungusha usukani kila mashua ilipokata kona. Kondo alimwacha aendeshe.

Walipoanza kusikia matari ya harusi, mashua ikakwama. Maji yalikuwa yamekwenda zake, na adhuhuri imeshasaliwa. Bushiri akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

Sasa huko delta, miaka ile, honi majini ilikuwa na maana moja tu: boti la wanunuzi wa kamba kutoka Dar limefika, na halimngoji mtu. Matari yakanyamaza. Harusi nzima ikateremka matopeni na ndoo za kamba wabichi: wapishi, mashahidi, Nasibu aliyekwisha kaa tayari kuoza, bwana harusi Ridhiwani na joho lake, na Shekhe Mwinjuma, kanzu kaikunja mpaka magotini. Wakaizunguka mashua wakihema.

"Mizani iko wapi?" akauliza Shekhe.

"Mimi ni baba wa bi harusi," Bushiri akajibu dirishani.

Shekhe akatua ndoo. "Basi vizuri. Walii wa kuoza yupo, bwana harusi yupo, mashahidi hawa hapa. Tufungie ndoa hapa hapa, kamba wasije wakaharibika."

Ridhiwani akapanda mashuani, akaingia kiti cha mbele kwa furaha. Bushiri naye moyo ukamtulia: atamwoza binti yake ndani ya gari lake mwenyewe! Lakini nyuma ya watu alisimama Mwantumu, mama Hafsa, tope limemfika mapajani.

"Baba Hafsa, mwenyewe kaulizwa?"

Bushiri akashika usukani, Mwantumu akaendelea.

"Alikuandikia umuulize wewe. Yuko chumbani anangoja. Hilo gari lako litapita mlangoni?"

Bushiri akatazama matope, akatazama viatu vyake vipya. Akashuka. Kiatu cha kwanza kilibaki pale pale, cha pili hatua tatu mbele. Akaanguka ubavu wa kulia, akainuka, akaanguka wa kushoto. Alipoingia uani hata kuku walimkimbia.

Akasimama nje ya pazia, mashahidi pembeni. "Hafsa, mwanangu, umeridhia nikuoze kwa Ridhiwani?"

Akarudia. Mara ya tatu sauti ilimkatika.

"Nani anauliza?" ikatoka ndani.

"Baba yako."

"Nimesikia kaja mtu ana gari."

"Gari nimeliacha topeni, mwanangu. Nimekuja mimi."

Pazia likatikisika. Kama ni kicheko au kilio, Bushiri hakujua. Yeye mwenyewe alikuwa analia waziwazi mbele ya mashahidi, tope likimchuruzika ndevuni.

"Basi nimekubali, baba," Hafsa akasema.